Mtoto ana kansa, kwa nini wengine wanaandikiwa kipimo cha vinasaba na wengine hapana?

MamaMdogo_Nkuhungu: Wakuu habari za jioni. Mtoto wa dada angu huku Dodoma ana miaka miwili, kakutwa na kansa ya jicho moja. Daktari katuhoji weee, bibi alikufa na nini, nyie wazazi mna undugu, halafu akasema anaandika rufaa ya vinasaba. Sasa wodini kuna mama wa Mpwapwa mwanae ana uvimbe wa taya, yeye hajaambiwa kitu. Kwetu hakuna mwenye kansa ya jicho pande zote, na shemeji keshaanza kununa eti ni ya upande wetu. Wanachaguaje?

NesiMstaafu: Pole dada. Uvimbe wa taya kwa watoto mara nyingi ni Burkitt, aina ya kansa ya tezi za limfu, inahusishwa na malaria na kirusi cha Epstein-Barr, hapo hawakimbilii vinasaba. Jicho ni habari nyingine, aina yenyewe ya kansa inatosha kuandikiwa hata ukoo wote uwe mzima, coz hitilafu ya RB1, kinasaba ambacho kikiharibika kansa hii ya jicho inatokea, mara nyingi inaanzia kwa mtoto mwenyewe. Yakiwa macho yote mawili karibu wote wanayo ya kurithisha, jicho moja kama 15 kwa 100. Shemeji apunguze kununa, inaweza kutoka kwake pia au isitoke kwa yeyote.

Baba_Kondoa: na kansa nyingine je?

NesiMstaafu: Uvimbe kwenye figo zote mbili, kansa ya tezi ya juu ya figo, aliyepona akapata kansa nyingine mpya, madoa mengi ya rangi ya kahawa mwilini, aliyezaliwa na kasoro, dawa zikimchapa kupita kawaida, au ndugu wa damu waliougua kansa wakiwa bado vijana. Ila hili la ukoo huku kwetu linaulizwa vibaya, ukisema "kuna kansa kwenu?" utajibiwa hamna wakati shangazi "alirogwa ziwa". Uliza nani alikatwa ziwa, nani alitolewa jicho utotoni.

Mgogo_wa_Bahi: Mambo ya kipimo na gharama yatafuata. Huyo mtoto ana wadogo zake? Hao wakaangaliwe macho sasa hivi, msisubiri majibu ya damu.

MamaMdogo_Nkuhungu: Yupo mmoja, wa miezi mitatu. Hatukuambiwa.

NesiMstaafu: Kesho asubuhi mpelekeni kwa daktari wa macho, bebeni na karatasi za kaka yake, mseme wazi kaka ana kansa ya jicho ili asipangiwe tarehe ya mbali.