Tupeane uzoefu: pointi na vocha zinapogombana kaunta

Mkaazi wa Kisauni
Wenzangu, hamjambo. Jambo hili limenichosha na naamini siko peke yangu. Sisi tunaofanya manunuzi ya mwezi supamaketi tuna pointi kwenye namba ya simu, tuna vocha zinazotoka pamoja na risiti, tuna ofa za wikendi, na ikifika Desemba wengine hupewa vocha za zawadi kazini. Kila kimoja hutangazwa kivyake kwa herufi kubwa. Vipeleke vyote kaunta siku moja uone kimoja kinavyomfukuza mwenzake.

Kisa changu ni hiki. Duka lilitoa vocha ya shilingi 300 kwa mwenye kununua bidhaa za 3,000 kwenda juu. Unga, mchele, mafuta, sabuni, hesabu ikafika 3,200. Nikaomba pia nikatiwe pointi zangu, zilikuwa za shilingi 250. Keshia akaanza na pointi, kisha vocha ikakataa: mashine ilishashusha hesabu hadi 2,950, nikahesabiwa kuwa sijafika kiwango. Kurudisha pointi kulihitaji msimamizi, msimamizi haonekani, na foleni nyuma yangu ni ya mwisho wa mwezi. Nikalipa. Ile vocha niliisoma mbele na nyuma. Imeandikwa tarehe ya mwisho na kwamba haibadilishwi kwa pesa taslimu. Kuhusu pointi, hakuna hata neno.

Pointi hizo nimezipata kwa kununua kwao. Kama haziwezi kukaa na vocha, niambiwe nikiwa bado kwenye rafu. Leteni visa vyenu, na mwenye njia atuonyeshe. Majina ya maduka tuyaache.

Keshia wa zamani, Nairobi
Dada, pole sana. Nimekaa kaunta miaka mingi, nikueleze kinachofanyika ndani ya mashine. Kuna maduka ambayo pointi huingia kama punguzo, na kuna ambayo huingia kama malipo, sawa na pesa taslimu au M-PESA. Zikiwa malipo, bidhaa zako zinabaki za 3,200 na vocha inapita. Zikiwa punguzo, jumla inashuka na vocha inakufa, kama ilivyokupata. Kwa hivyo kabla hujasema "kata pointi", uliza: hapa zinaingia kama punguzo au kama malipo? Keshia mzoefu atajua. Asipojua, mwambie aingize vocha kwanza.

Mpangilio huo unagusa hata asilimia. Chukua bidhaa za 5,000, kuna punguzo la asilimia 10 na vocha ya 500. Asilimia ikitangulia unafika 4,500, ukitoa vocha unalipa 4,000. Vocha ikitangulia, asilimia 10 inakatwa kwenye 4,500 na unalipa 4,050. Shilingi 50 zimepotea, na anayeamua ni aliyepanga mfumo, wala si yule binti aliyekaa mbele yako. Nawaomba msimfokee. Nilikofanya kazi, keshia hakuwa na ruhusa ya kufuta chochote kilichokwisha kuingia, na hesabu ya jioni ikipungua ilikatwa kwenye mshahara wake.

Baba Mapacha, Rongai
Yangu ni ya namba ya simu. Kadi yetu ilisajiliwa kwa namba ya mama, na mama yuko Kisii. Kila tukitaka kutumia pointi, mashine inatuma msimbo kwake. Siku hiyo nina vocha ya ofa inayoisha saa mbili usiku, nampigia mama, yuko shambani na simu ameiacha nyumbani. Vocha ikaisha, pointi zikabaki. Kubadilisha namba wanataka mwenyewe afike tawini na kitambulisho. Mama mzee nimpandishe basi kutoka Kisii kwa ajili ya hilo kweli?

Mwalimu, Kakamega
Vocha za zawadi nazo: hazitoi chenji. Ukipewa ya 2,000 ukanunua vitu vya 1,850, ile 150 imekwenda. Kuongezea pointi juu yake kwetu hawakubali kabisa. Na jamani, pointi msizirundike. Wadai wa supamaketi ya Nakumatt walipiga kura ya kuifilisi Januari 2020, na supamaketi ya Tuskys nayo ikafunga tawi baada ya tawi. Duka likianguka, mwenye pointi hana wa kumdai. Mimi zangu nazitumia mapema, hata kama ni za sukari tu.

Mpwani aliyeko Minnesota
Huku kuna kuponi za kiwanda na kuponi za duka, na sehemu nyingi unaruhusiwa moja ya kila aina kwa bidhaa moja. Hilo huandikwa wazi. Taabu ni zile zawadi za "nunua leo, utumie wiki ijayo": wiki ya kuzitumia ikifika, kuponi ya asilimia imeshaondolewa.

Mpenda sheria, Eldoret
Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa au huduma. Sharti linalojulikana kaunta pekee linagongana na haki hiyo, ndivyo ninavyoona mimi. Piga picha tangazo, weka risiti, andikia makao makuu ya duka. Wakinyamaza, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya wanunuzi.

Shangazi wa Malindi
Mimi hugawa vitu mafungu mawili tangu kwenye troli. Fungu la kwanza linafikia kiwango cha vocha, risiti yake. Fungu la pili nalipa kwa pointi, risiti yake. Keshia huwa hana neno foleni ikiwa fupi, basi naenda Jumanne asubuhi.

Mkaazi wa Kisauni
Shangazi, hiyo naijaribu mwezi huu. Keshia wa zamani, nikirudisha kitu nilicholipia nusu kwa pointi, pointi zinarudi?

Keshia wa zamani, Nairobi
Nilikokuwa, pesa ilirudi kama pesa na pointi kama pointi, ila uje na risiti. Vocha iliyokwisha kutumika haikurudi. Kwenu waulize kabla hujalipa.