Tiba ya kuongea na mwanasaikolojia inagharimu kiasi gani mpaka iishe?

Mlinda Komeo: Wakuu salaam. Nataka kuanza tiba kwa mwanasaikolojia. Wanatoza kwa saa au kwa ugonjwa? Vikao vingapi mtu anakuwa sawa? Tatizo langu ni usingizi tu. Naombeni lugha ya staha, sipo vizuri.

Bint Kimya: Pole kaka. Wanatoza kwa kikao, na kikao mara nyingi ni dakika 50, si saa kamili. Kwa kawaida unaenda mara moja kwa wiki. Ile tiba ya kurekebisha fikra na mwenendo mara nyingi huchukua vikao 12 hadi 20. Kwa hiyo usipige hesabu ya kikao kimoja, zidisha kwa miezi, ongeza nauli. Kama una bima, ulizia kwanza wanalipia vikao vingapi.

Mzee wa Jioni: Sisi tuliongea na babu, bure, na bakora juu. Tukalala fofofo.

Sijambo Tu: Mimi kikao cha kwanza nililia dakika arobaini, zikabaki kumi za kueleza ninalilia nini. Cha tatu sikwenda wala sikutoa taarifa, nikatozwa chote. Wengi wanataka uwajulishe saa 24 au 48 kabla. Shemeji yangu naye aliacha baada ya viwili, eti mtaalamu anaangalia sana saa. Tena shemeji mwenyewe ndiye aliyekuwa anachelewaga!

Bint Kimya: Mleta mada, usingizi tu ndio unakufanya uombe staha? Umeshaanza au bado?

Mlinda Komeo: Nimeshalipa. Vikao 20 kwa mkupuo, kanipa punguzo. Ilikuwa ada ya mtoto, mke hajui. Ila jamaa yuko vizuri, kanihakikishia nikimaliza nimepona. Tangu nimzike mdogo wangu naamka saa tisa usiku kukagua komeo la mlango. Nalisukuma, narudi kitandani, nainuka tena. Mara nne, tano.

Fundi Redio: Hii chai. Akaunti ya leo, jina Mlinda Komeo, na kisa kina komeo? Huyu ndiye mwanasaikolojia mwenyewe, kesho anamwaga namba ya simu.

Mzee wa Jioni: Nilishanusa. Hilo punguzo ndilo tangazo.

Mlinda Komeo: Akaunti ya zamani mke anaijua. Na namtangazaje mtu ambaye hata jina sijamtaja?

Bint Kimya: Chai au si chai, wapo watakaosoma. Mtaalamu makini hakuhakikishii kupona, wala hachukui hela ya vikao 20 kabla hajakaa nawe kikao cha tathmini. Muombe namba ya usajili, uihakiki. Hela ikibana, wapo wanaopunguza ada kulingana na kipato, ipo tiba ya kikundi, na vipo vyuo ambako wanafunzi wanahudumia kwa bei ndogo chini ya wasimamizi wao. Na mkeo mwambie kabla shule haijamwambia.

Mlinda Komeo: Cheti alinitumia picha. Imekatwa palepale kwenye jina, nikadhani ni simu yangu. Nimemuomba namba ya usajili tangu asubuhi. Tiki mbili za bluu, kimya.

Fundi Redio: Mkuu, nimerudisha kikombe. Risiti alikupa?