Naomba ushauri: wilaya yetu ya shule inachagua mfumo, niunge mkono upi?

Wakuu habarini. Niko Georgia, Marekani, wanangu wawili wanasoma shule za serikali, sasa wilaya imetuita wazazi tutoe maoni. Huku tangu 2015 kila wilaya ilitakiwa ichague: iwe ya chata (charter, yaani shule zenyewe zinapewa usemi zaidi), au iingie mkataba na jimbo isamehewe baadhi ya kanuni ila iahidi kupandisha matokeo, au ibaki na sheria zote kama zilivyo.

Chata naipendea kitu kimoja tu, kila shule inakuwa na kamati yenye wazazi na inasikilizwa kwenye bajeti na kuajiri. Ila jamani nani ana muda? Juzi mkutano saa 12 jioni tulikuwa watu tisa, mkalimani wa Kiswahili hakuna, mama mmoja Mkongo nikawa namtafsiria kwa kunong'ona mpaka koo likakauka.

Hiyo misamaha ya kanuni sasa, ambayo hata chata inayo, ndo inanitisha maana wanaweza kuongeza watoto darasani na darasani kwa mwanangu wa la tatu tayari wako 27.

Mliowahi kukaa kwenye hizo kamati, zina nguvu kweli au mnaitwa kupiga muhuri tu? Kura wiki ijayo.