Cheti kina apostili, bado ninadaiwa muhuri wa ubalozi

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Cheti changu cha kuzaliwa kina apostili, yaani uthibitisho unaoambatanishwa na hati ili saini na muhuri wake vikubalike nchi nyingine, iliyotolewa na mamlaka halali, na nchi kilikotoka pamoja na nchi kinakokwenda zote ni wanachama wa Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, wala hakuna iliyopinga mwenzake kujiunga nao. Hata hivyo, ofisi inayokipokea imenirudisha mara tatu ikitaka kwanza kigongwe muhuri wa ubalozi. Ubalozini nikajibiwa, na walikuwa sahihi, kwamba hawagongi muhuri juu ya apostili. Nikapeleka jibu hilo dirishani, nikaambiwa nirudi ubalozini.

Mkataba ule uliandikwa ili kukomesha nenda rudi za namna hii hasa. Kwa utaratibu wa zamani, ambao watu wenye hati za nchi zisizo wanachama wangali wanauhangaikia, hati hupita ofisi baada ya ofisi hadi wizara ya mambo ya nje na kuishia ubalozini, na kila mmoja huthibitisha saini ya aliyemtangulia tu, bila kujali kilichoandikwa ndani. Apostili nayo haithibitishi yaliyomo, nakubali, lakini kifungu cha 3 kinasema kwamba kwa kuthibitisha saini na muhuri wa hati, hakuna kingine kinachoweza kudaiwa. Cha 5 kinasema saini iliyo kwenye apostili yenyewe haihitaji kuthibitishwa tena. Na cha 9 kinazitaka nchi wanachama zizuie balozi zao kufanya kazi hiyo hiyo ninayotumwa kuiomba.

Lililoniuma zaidi ni hili. Mara ya pili, karani aling'oa pini za stepla ili atoe nakala, kisha akazibana upya karatasi zangu kwa kubahatisha. Mara ya tatu, mwenzake akainua kona ya cheti kwenye mwanga, akaona matundu mawili yasiyo na pini, akasema hati inaonekana imechezewa. Imechezewa na nani, kama si na ofisi yao? Nilimwonyesha namba ya apostili kwenye mstari wa 8 na kumwomba aulize kwa mamlaka iliyoitoa, ambayo kwa kifungu cha 7 inalazimika kutunza rejista na kumjibu yeyote mwenye haja. Akaisukuma karatasi nje ya dirisha, akaita anayefuata.

Kila mara nimeomba sababu ya kukataliwa kwa maandishi, na kila mara nimenyimwa. Sasa wanadai pia kwamba cheti kisizidi miezi mitatu tangu kitolewe, na changu kimebakiza siku tisa. Aliyewahi kupata barua ya kukataliwa kutoka ofisi ya namna hii aniambie aliiombaje na aliipeleka wapi.