Houston wamefunga skuli eti kwa baridi, hii ni kweli ama twachezewa?

BintiKisauni

Assalam aleikum na hamjambo nyote. Nna swali na tafadhali msinicheke. Dada yangu yuko Houston kule Texas na wanawe wawili, leo nimempigia saa kumi na moja jioni, kwao ni saa mbili asubuhi, nikijua watoto washaenda skuli, kumbe wote wako chini ya blanketi watizama tivi. Namuuliza vipi, aniambia skuli zimefungwa tangu jana Jumanne na leo tena sababu ya baridi na theluji. Nikamwambia wee dada, si juzi tu mwezi wa nane ulikuwa walia na joto mpaka waniambia ukigusa mlango wa gari waungua? Mimi hapa nimekaa na leso moja, feni iko namba tano na jasho latiririka vilevile, Kaskazi yenyewe mwaijua, hiyo habari hainiingii kichwani. Watoto wa Limuru mwezi wa saba watoka alfajiri ukungu umejaa, kamasi zawatoka, na hatujasikia skuli imefungwa. Sasa Marekani nzima yashindwa na baridi ya siku mbili? Ama ni kudekezwa?

KakaWaFeri

Kudekezwa tu, hakuna kingine. Minnesota huko huko Marekani watoto waenda skuli theluji yafika magotini. Hao wa Texas wamepata sababu ya kulala 😂

UstadhMcheshi

@KakaWaFeri wewe usiongee kabisa. Mwezi wa saba Kusi ikivuma kidogo, nyuzi 22, nilikuona Likoni umevaa jaketi na kofia ya sufi kama wapanda mlima Kenya.

NilirudiTudor

Binti, mimi nilikaa Houston miaka sita kabla ya kurudi nyumbani, wacha nikwambie. Usiifananishe na Limuru. Limuru baridi yauma ndio, lakini maji kwa ndoo hayagandi wala barabara haigeuki kioo.

Februari 2021, usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 15, stima ikapotea. Mimi kwa mazoea ya huku nikasema aah, itarudi sasa hivi. Haikurudi mpaka Jumatano. Na ile apatimenti kila kitu ni stima, hita ni stima, jiko ni stima, hata maji ya chai sina pa kuyachemshia. Nilivaa suruali tatu, soksi nikavaa mikononi, wallahi soksi mikononi, na kikoi changu nilichonunua Mji wa Kale nikajifunga kichwani kama mgonjwa wa meno. Pumzi yangu naiona nikiwa kitandani. Glasi ya maji niliyoiacha dirishani asubuhi naikuta ina utandu wa barafu juu, kama maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Jirani alitaka kuingiza jiko lake la makaa la kuchomea nyama ndani nikamzuia mlangoni, tukagombana, lakini siku zile watu walikufa kwa hiyo sumu ya moshi na wengine kwa baridi yenyewe, serikali ya Texas ilihesabu vifo 246.

Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zilikuwa gizani. Visima vya gesi viliganda, mitambo ikaganda, na gridi ya Texas, ule mtandao wa kusambaza stima, wameitenga na majimbo mengine, kwa hivyo stima ya kuazima jirani ni kidogo mno. Wasimamizi wenyewe walisema baadaye zilibaki dakika 4 na sekunde 37 gridi nzima ianguke. Sasa mtu aliyepitia hiyo ukimwambia Jumanne yaja theluji, hangoji kuona. Afadhali watoto wakae nyumbani.

Tena kuna mambo ya barabara. Houston ni flaiova juu ya flaiova, na daraja huganda kabla ya barabara ya chini kwa sababu upepo wapita juu na chini yake. Dereva wa basi la skuli hajazoea barafu, magari ya kukwangua theluji ndio usiulize. Hao watoto arobaini nani atawabeba juu huko?

KakaWaFeri

Haya, ya soksi nimeipenda. Lakini Minnesota je?

NilirudiTudor

Minnesota mabomba yao wameyafukia chini kabisa, kuta nene, mtoto ana koti na viatu vyake tangu mwezi wa kumi. Mzazi wa Houston mwenye kazi mbili atanunua koti la maana la siku tatu kwa mwaka, na mwakani mtoto hatoshei? Watoto wengi huko wana sweta tu. Alafu kwa taarifa yako hata Minnesota gavana alifunga skuli za jimbo zima Januari 2014 kwa baridi. Kila mtu ana baridi ya kumshinda.

FundiBomba

Niongeze kwa upande wangu maana mabomba ndio kazi. Mshawahi kusahau soda ya chupa kwenye friza? Asubuhi wakuta vigae. Maji yakiganda huvimba kama asilimia 9 hivi, na bomba lililojaa halina pa kuvimbia. Nyumba za huko joto mabomba mengine yapita juu ya dari, au kwa ukuta wa nje, fundi aliyejenga hakufikiria barafu kama vile mimi hapa sifikirii. Ubaya wake ni kwamba bomba lapasuka likiganda lakini wewe huoni kitu, waona barafu ikiyeyuka, dari yakumwagikia. Na skuli vyoo vikikosa maji, walimu wawe na moyo vipi, hapafunguliwi.

Binti mwambie dadako usiku afungue mfereji kidogo tu maji yawe yadondoka, milango ya kabati la chini ya sinki aiwache wazi joto la nyumba liingie, na ajue mapema valvu kubwa ya kufunga maji iko wapi, asije akaitafuta na tochi maji yashafika magotini.

MwalimuMstaafu

Bangladesh Januari 2024 skuli za wilaya kadhaa zilifungwa joto liliposhuka chini ya nyuzi 10. Nyuzi 10 kwa mtu wa Kinangop ni asubuhi ya kawaida tu, achukua jembe aenda shambani. Na Machi ya mwaka huohuo Sudan Kusini wakafunga kwa joto la kufika 45. Sisi wenyewe 2024 si tulisogeza kufungua muhula wa pili kutoka tarehe 29 Aprili mpaka 13 Mei kwa mafuriko?

Mimi lakini kinachoniuma ni cha hapa hapa. Nilifundisha darasa la mabati lisilo na dari, mwezi wa pili saa nane mchana chaki yateleza mkononi kwa jasho, watoto wa nyuma wamelalia dawati, nikimgusa mmoja shati lote limerowa. Niliomba dari, nikaambiwa nifungue madirisha. Madirisha yenyewe yalikuwa matundu ya matofali. Hakuna aliyewahi kuleta kipima joto mle ndani.

UstadhMcheshi

Mwalimu hapo umenyamazisha baraza.

BintiKisauni

Shukran sana jamani, nimempigia tena. Mfereji ameuachia wadondokea kwa bakuli, kabati amefungua, valvu alikuwa hata hajui iko wapi akaipata nyuma ya hita ya maji, fundi Mungu akuzidishie. Watoto washatoka nje, wametengeneza mtu wa theluji mfupi kama mtungi, na wamemvisha ile leso yangu mpya niliyowapelekea Idi, ile nyekundu. Hapo na dadangu tutakosana.