Ekzosi ya wazi kwenye cc 150, kabureta PZ27: inapasuka nikiachia resi, nusu ya mkono inasita

kijana_wa_uyole

Wakuu, habari za kazi. Pikipiki ni ya Kichina, cc 150, injini aina ya CG, kabureta PZ27. Imefungwa ekzosi ya wazi badala ya ile ya kiwandani. Ea kilina (kichujio cha hewa) haijaguswa. Tangu hapo nikiachia resi kwenye mteremko inapasuka mfululizo. Nikishika nusu ya mkono wa resi inasitasita ndipo ivute, ila nikivuta choki kidogo inatulia. Plagi nyeupe. Fundi anataka kutoboa jeti kubwa (kile kipande chenye tundu la kupitisha mafuta kwenye kabureta) kwa biti ya milimita 1.2. Natembelea Mbeya mjini na mara kwa mara nashuka Kyela. Nianzie wapi?

spana_kumi

Mkuu, kabureta iache kwanza. Mipasuko ya kuachia resi chanzo chake mara nyingi ni pale ekzosi inapoungana na kichwa cha injini. Resi ikifungwa, bomba linanyonya hewa kupitia upenyo wowote, hewa hiyo inakuta mafuta ambayo hayajaungua, yanawakia humo humo ndani ya bomba. Ile ringi ya shaba ya kwenye maungio hayo ikishabanwa mara moja imekwisha kazi. Kila ukifungua ekzosi weka mpya. Nati zake mbili kaza kwa zamu, kidogo kidogo, flenji ikae sawa pande zote.

Kupima: washa injini ikiwa baridi, paka maji ya sabuni kwenye maungio, mtu azibe mdomo wa nyuma kwa kitambaa kinene sekunde chache. Povu likitoka, hapo pana tundu.

Kisha angalia upande wa kuingiza hewa, yaani oringi (ringi ya mpira) kati ya kabureta na injini. Nyunyiza maji kidogo pale injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kushika resi). Mlio ukibadilika, oringi haizibi, na hapo hata ubadilishe jeti kumi hutapata kitu. Na kama pikipiki yako ina mpira mwembamba unaotoka ea kilina hadi kwenye tundu la ekzosi, mipasuko michache ni ya kawaida kwa bomba la wazi, hakuna jeti inayoiondoa.

jeti_na_sindano

Nakubaliana na spana_kumi, lakini hiyo ya choki ni ushahidi tosha: choki inazidisha mafuta, na kama nusu ya mkono inatulia ukiivuta, basi hapo mafuta ni kidogo.

Biti ya 1.2 ikatae kabisa. Namba ya jeti inakaribia upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo jeti 100 ni kama milimita 1. Ukitoboa ifike 1.2, eneo la tundu linaongezeka kwa asilimia 44. Kutoka 100 kwenda 105 ni asilimia 10 tu, na kwa ekzosi peke yake bila kugusa ea kilina huwa unahitaji hatua moja au mbili. Tena biti inaacha kingo za tundu zikiwa na makwaruzo, mafuta hayapiti sawasawa. Soma namba iliyopigwa kwenye jeti yako. Kama ni 100, nunua 102 na 105. Bei yake ndogo kuliko plagi.

Bandika plasta kwenye mkono wa resi na nyingine kwenye kibanio chake, chora alama: imefungwa, robo, nusu, robo tatu, mwisho. Bila alama hizo utabadilisha kitu ambacho hakihusiki. Hadi robo ya mkono inatawala jeti ndogo na skrubu yake. Robo hadi robo tatu ni sindano iliyo ndani ya pistoni ya kabureta. Kuanzia hapo hadi mwisho ni jeti kubwa. Shida yako iko nusu, kwa hiyo ni sindano.

Funga koki ya mafuta, fungua kifuniko cha juu cha kabureta, vuta pistoni ya kabureta itoke na springi yake. Bana springi, chomoa kichwa cha waya, toa sindano. Ina mikato kadhaa na klipu imekaa kwenye mmojawapo. Shusha klipu mkato MMOJA. Wengi hukosea hapa: klipu ikishuka, sindano inapanda, mafuta yanaongezeka. Kama sindano yako ina mkato mmoja tu, weka washa nyembamba ya nusu milimita chini ya klipu.

Wakati wa kurudisha, sehemu ya pistoni iliyokatwa mshazari iangalie ea kilina, na mfereji wake mrefu uingie kwenye pini. Kabla ya kuwasha, vuta resi na uiachie ghafla. Lazima usikie pistoni ikigonga chini. Usipousikia mlio huo, usiwashe, resi itakwama wazi.

mpanda_milima

Ongezeni hili la mwinuko. Mbeya iko karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi, na jeti ileile inayofaa Dar inatoa mafuta yaliyozidi kwa asilimia 8 au 9 ukiwa Mbeya. Kwa hiyo jeti kubwa ya kiwandani inaweza kutosha kabisa hapo mjini hata na ekzosi ya wazi. Tatizo ni Kyela. Ukanda wa Ziwa Nyasa uko chini ya mita 600, unashuka zaidi ya mita elfu moja, na jeti iliyopimwa Mbeya itakuwa na mafuta kidogo kule chini. Halafu unarudi na mzigo, resi imeshikwa hadi mwisho kwenye mlima wa Tukuyu. Hapo ndipo pistoni ya injini inapoungua. Jeti kubwa pimia Kyela, hata kama Mbeya mafuta yatazidi kidogo.

Kupima: weka plagi mpya, panda mlima kwa resi ya mwisho kama dakika moja, bana klachi na uzime injini papo hapo, ufungue plagi. Usiangalie ncha tu, angalia kaure (ile sehemu nyeupe ya plagi) kule ndani kabisa. Rangi ya kahawia hafifu ni sawa. Nyeupe yenye vitone vinavyong'aa, panda jeti (weka namba kubwa zaidi) haraka. Masizi meusi makavu, shuka.

kijana_wa_uyole

Ringi mpya imewekwa, klipu imeshuka mkato mmoja. Nusu ya mkono sasa inavuta. Lakini nikiachia resi, injini inachelewa kushuka sailensa, inaning'inia juu kidogo.

jeti_na_sindano

Kama waya wa resi una ulegevu wa milimita 2 hivi na oringi ni nzima, imebaki skrubu ya mchanganyiko. Angalia imekaa wapi. Ikiwa upande wa injini, ni ya mafuta: kufungua kunaongeza. Ikiwa upande wa ea kilina, ni ya hewa: kufungua kunapunguza.

Pasha injini dakika kumi. Ifunge taratibu hadi iguse, usikaze, ncha inavunjikia ndani. Fungua duru moja na nusu, kisha sogeza robo robo hadi sailensa ipande mwisho wake. Rudisha sailensa kwenye mizunguko 1,400 kwa dakika kwa skrubu inayoinua pistoni ya kabureta, halafu rudia mara moja. Kama ni ya mafuta na inataka zaidi ya duru tatu, panda namba moja ya jeti ndogo.