Mtoto ana uvimbe kwenye ubongo, wazee wakataa apasuliwe. Naomba ushauri

Mama Langoni: Assalaam alaykum. Mwanangu wa miaka 6 alianza kutapika kila akiamka. Akishatapika kichwa chatulia, aomba mahamri. Sasa akienda madrasa anayumba, mpaka ajishike ukutani. Mombasa wamempiga picha ya kichwa ya MRI: uvimbe nyuma ya ubongo, washuku ni meduloblastoma, kansa ya ubongo ya watoto, wataka kumpasua. Wazee hapa Lamu wasema anywe kombe kwanza, maji yaliyooshewa aya za Qurani. Nifanyeje?

Muuguzi Malindi: Pole sana mama. Uvimbe wa hapo huziba njia ya maji ya ubongo, maji yakajaa kichwani. Akianza kusinzia ovyo au kutapika mfululizo, mkimbizeni usiku huohuo, msingoje kuche. Na picha pekee haitoshi. Upasuaji huondoa uvimbe kadiri inavyowezekana, na kile kipande hupimwa maabara ijulikane ni aina gani. Tiba hufuata aina.

Baba wa Shela: Dada, kombe na upasuaji havigombani. Binti yetu tulimsomea mpaka mlangoni pa tieta, chumba cha upasuaji. Langu ni hili: akishapasuliwa msirudi kisiwani mkatulia eti kwa kuwa anacheza. Ugonjwa huu husambaa kupitia maji ya ubongo hadi mgongoni, kwa hiyo humulikwa mionzi kichwa na uti wa mgongo, kisha dawa za kansa. Mionzi yafaa ianze ndani ya wiki 6 hivi baada ya upasuaji. Ulizieni nafasi mapema, foleni ni ndefu.

Mama Langoni: Shukrani kaka. Mionzi haitamharibu akili?

Muuguzi Malindi: Sitakuficha, yaweza kumpunguzia kasi ya kujifunza na kumdumaza kimo, ndiyo maana walio chini ya miaka 3 madaktari hujitahidi kuwaepusha. Wako ana 6, na bila mionzi uvimbe hurudi. Kwenye nchi zenye vifaa kamili, watoto ambao haujawasambaa na umetolewa karibu wote, zaidi ya 7 kati ya 10 huwa hai miaka 5 baadaye. Dai apimwe masikio, macho na homoni kila baada ya muda.

Bint Pate: Hakikisha mtoto yumo kwenye SHA yenu, bima ya afya ya serikali; ile ya zamani, NHIF, iliisha Oktoba 2024. Beba CD ya MRI na ripoti ya maabara kila uendako. Shangazi yangu yuko Kisauni, hapo Mombasa, na chumba kipo, niandikie faraghani nimwambie mwaja lini.